Silinda ya Ngapi?

Nina ugomvi na wasomi wenzangu, na ugomvi wenyewe ni juu ya gari linalomisi.

Lawama naijua kwa moyo. Ukikaa Kasulu mjini jioni, au Kibondo karibu na stendi, utaisikia kwa mwalimu wa sekondari, kwa ofisa wa halmashauri, kwa nesi, kwa mfanyakazi wa shirika, kwa mwanafunzi wa uzamili kama mimi aliyerudi likizo. Gari lake la zamani linatetemeka likiwa sailensi. Usukani unacheza, kioo cha pembeni kinatikisika, bomba la moshi linatoa mlio wa kukatakata. Fundi kabadilisha plagi, halijapona. Kabadilisha waya za plagi, halijapona. Kabadilisha pampu ya mafuta, limetulia siku mbili, likarudia. Kisha inafuata hukumu: "Mafundi wetu hawa ni wabahatishaji tu. Hawajasoma."

Mimi nasema hukumu hiyo imemkosea mshtakiwa. Kubahatisha kupo, sikatai. Ila kubahatisha ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na wanunuzi wake ni sisi. Tunalipia kifaa, tunagoma kulipia fikra, halafu tunashangaa kwa nini kila tukienda gereji tunauziwa vifaa.

Tuanze na injini yenyewe, maana bila hiyo huu utakuwa ugomvi wa kijiweni.

Injini ya petroli yenye silinda nne, kama zile zilizomo kwenye Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990 zinazopanda vilima vya huku kwetu, ikiwa sailensi huzunguka kama mara 750 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Hiyo ni mara 375 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara 6 kwa sekunde. Silinda zote nne kwa pamoja zinatoa milipuko 25 kila sekunde, kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Silinda moja ikikosa zamu yake, kila sekunde kunakuwa na mapengo sita. Mapengo hayo ndiyo mtetemo unaousikia kwenye kiti. Ukikanyaga mafuta mtetemo unapungua, na wengi hudhani gari limepona. Mara nyingi halijapona. Mapengo yamekaribiana tu, na uzito wa flaiwili unaozunguka kwa kasi unayafunika.

Sasa, silinda ikikosa kuwaka, kuna maeneo matatu tu ya kutazama. Ama mchanganyiko wa hewa na petroli si sahihi. Injini inataka karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ama cheche haipo, ni dhaifu, au imekuja wakati usio wake. Ama silinda haishiki mgandamizo, kwa sababu ya ringi zilizolika, valvu isiyofunga vizuri, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Plagi ni sehemu ndogo ya eneo moja kati ya hayo matatu. Lakini kwa kuwa plagi ni rahisi kufungua na inauzwa kila duka la spea, imefanywa mtuhumiwa wa kwanza wa kila kosa.

Na gari halinyamazi. Linatoa maelezo kwa kila namna linavyougua. Linalotetemeka likiwa sailensi na kutulia ukikanyaga mafuta linakuelekeza kwenye hewa inayoingia kwa wizi, kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Likiwa sailensi throto imekaribia kufungwa kabisa, kwa hiyo hata tundu dogo linaingiza sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, tundu lilelile linakuwa si kitu mbele ya hewa nyingi inayopita mlango halali. Linalotulia sailensi lakini likakohoa kwenye mlima limebeba watu linakuelekeza kwenye cheche dhaifu, kwa sababu mzigo unapanda, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka pengo la plagi. Au ni petroli isiyofika kwa kiasi cha kutosha. Linalomisi asubuhi ya ukungu, kisha saa nne likawa zima, linakwambia kuna waya au kifuniko cha distributa chenye ufa, na umeme unapita kwenye unyevu badala ya kwenda kwenye plagi. Linalomisi baridi, moto, mlimani na tambarare bila kubagua, lipime mgandamizo kabla hujanunua chochote.

Nchi yetu nayo ina maelezo yake. Katika kimo cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 86 tu ya ule wa pwani, na sehemu kubwa ya nyanda hizi iko kwenye kimo cha aina hiyo. Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam likiletwa huku litakula petroli nyingi kuliko hewa, litatoa moshi mweusi na kulowanisha plagi. Fundi anayebadilisha plagi hizo bila kugusa kabureta amefuta sakafu huku bomba likiendelea kuvuja. Vumbi jekundu la kiangazi nalo linaziba chujio la hewa. Petroli iliyokaa kwenye dumu au chupa kando ya barabara inaweza kuwa na maji, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, mahali hasa ambapo pampu inanyonya. Kuyapima hakuhitaji mtambo. Chota petroli ya kwenye tangi, itie kwenye chupa nyeupe, iache itulie, kisha tazama chini. Serikali yenyewe iliwahi kukiri kwamba uchakachuaji ni tatizo: mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wanaochanganya na mafuta ya taa.

Njia ya kumkamata mkosaji ni fupi, na haina siri. Injini ikiwa sailensi, unakata silinda moja baada ya nyingine. Kwa gari la nozeli ni salama zaidi kuchomoa soketi ya nozeli kuliko kuchomoa waya wa plagi wenye maelfu ya volti. Ukikata silinda nzima, injini inazidi kuyumba. Ukikata mbovu, hakuna kinachobadilika, kwa sababu ilikuwa imeshakufa. Sasa umeipata. Chukua plagi ya silinda hiyo, ibadilishane na ya jirani. Ugonjwa ukihama na plagi, ni plagi. Usipohama, hamisha waya. Usipohama tena, hamisha nozeli, au nyunyizia maji kuzunguka mdomo wa manifoldi usikilize kama sailensi inabadilika. Mwisho pima mgandamizo. Silinda ikiwa na mgandamizo mdogo, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena: ukipanda, ringi zimelika; usipopanda, tazama valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi kati yao.

Hesabu umenunua vitu vingapi mpaka hapo. Hujanunua kitu. Umetumia bisibisi, spana, maji, kijiko cha oili, kipimo cha mgandamizo na muda wa kufikiri. Na hapo ndipo biashara inapoharibika, kwa sababu muda wa kufikiri hauna bei kwenye gereji zetu.

Nitoe mfano wa nyumbani. Baba yangu mdogo ni mwalimu mstaafu, ana Corolla ya zamani aliyoinunua kwa kiinua mgongo. Ilianza kumisi sailensi. Gereji ya kwanza ilimbadilishia plagi, kisha kifuniko cha distributa na waya, kisha pampu ya petroli. Mara tatu alilipa kifaa, mara tatu alilipa ufundi. Hakulalamika sana, maana kila mara alirudishiwa kifaa cha zamani mkononi na akaona kipya kimefungwa. Alikuwa na kitu cha kushika.

Fundi wa pili alikuwa kijana chini ya mwembe, hana hata kibao cha gereji. Alisikiliza injini kwa muda, akakata silinda moja moja, akasimama kwenye ya nne. Alihamisha plagi na waya, ugonjwa haukuhama. Akachukua chupa ya maji ya kunywa, akatoboa kifuniko, akanyunyizia kwenye kiungo cha manifoldi karibu na silinda hiyo. Injini ikatulia kwa sekunde chache, kisha ikaanza tena kuyumba. Gasketi ilikuwa imechanika mahali hapo. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya saa moja. Gasketi yenyewe ilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyokwisha kununuliwa. Alipotaja bei ya ufundi wake, baba mdogo akashtuka: "Kijana wangu, mbona nyingi hivyo? Si umebadilisha karatasi tu?"

Nampenda baba mdogo, na namheshimu. Lakini sentensi hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe. Aliyebahatisha mara tatu alilipwa mara tatu bila kuulizwa. Aliyegundua aliombwa apunguze. Kijana yule ana akili ya kutosha kusoma funzo lililomo humo: kesho akiletewa gari linalomisi, njia ya kula ni kufunga plagi mpya. Tukimkuta anabahatisha baada ya miaka mitano tutasema hajasoma. Kumbe kasoma, na sisi ndio tuliomfundisha.

Msomi mwenzangu, jiulize wewe unalipwa kwa lipi. Mtaalamu elekezi anayeandika ripoti hajabadilisha kifaa chochote, na hakuna anayemwambia "si umeandika karatasi tu". Hospitali unalipia kumwona daktari, unalipia vipimo, na dawa inakuja mwisho. Kwa malaria tulishapigana vita hii: kwa miaka mingi kila homa ilipewa dawa ya malaria, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Mkoa wa Kigoma, unaosumbuliwa na malaria kuliko mikoa mingi nchini, unajua tofauti ya kupima na kukisia. Tumekubali kwamba homa inaweza isiwe malaria. Hatujakubali kwamba misi inaweza isiwe plagi.

Wapo watakaosema dawa ni mashine. Peleka gari likapimwe kwa kompyuta, mashine haidanganyi. Mashine haidanganyi, ila haisemi yote. Kwenye gari jipya kiasi itakuandikia P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Haikwambii ni plagi, koili, nozeli, hewa au valvu. Imekuonyesha mlango, kuingia ndani ni kazi ya fundi. Nimeona watu wakilipia namba hiyo, wakaenda moja kwa moja kununua koili, kana kwamba namba ni cheti cha daktari.

Na magari ya zamani ambayo tunaambiwa "hayapimiki" yana kipimo chake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha soketi. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, kompyuta haijaona hitilafu. Mara mbili, kituo, mara mbili: 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Tatu na moja: 31, saketi ya sensa ya mgandamizo wa manifoldi au ya hewa. Nne na moja: 41, saketi ya sensa ya throto. Kipande cha waya ni bure. Lakini kompyuta hizo hazihesabu misi, na hazioni gasketi iliyochanika wala plagi bandia. Kwa hiyo hata hapo unarudi kwenye masikio, mikono na hoja.

Wapo wengine watakaosema tatizo ni umri wa magari. Serikali za ukanda wetu zinafikiri hivyo pia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania hailikatazi gari la zamani, ila inalitoza ushuru wa uchakavu. Sipingi sheria hizo. Gari kuukuu lisilotunzwa linachafua hewa, na linalomisi linamwaga petroli isiyoungua kwenye bomba la moshi na kuosha oili kwenye kuta za silinda, mpaka injini inakufa kabla ya siku zake. Ninachopinga ni kuufanya umri kuwa ndio ugonjwa. Gasketi iliyochanika haiponi kwa kuwa gari limetengenezwa juzi. Tena mwalimu wa Kibondo hataamka kesho na gari jipya kwa sababu ya sera. Ataamka na lile alilonalo, na jirani atabisha hodi usiku wa manane na mjamzito mwenye uchungu. Mlimani, gari likiwa limebeba watu watano, tofauti ya silinda nne na silinda tatu si mjadala wa sera.

Tunapenda pia kusema mazingira ndiyo yanayotushinda: vumbi, milima, spea ziko mbali. Lakini kwa miongo kadhaa, tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 na Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, Land Cruiser nyeupe za mashirika zimepita kwenye vumbi hilohilo. Ndiyo, nyingi ni za dizeli, hazina plagi za cheche, na zina fedha nyuma yake. Ila angalia jambo moja lisilohitaji fedha nyingi: gari lina daftari. Kilomita zimeandikwa, kilichofanyika kimeandikwa, dereva ameandika alichosikia. Gari lako lina daftari gani? Ukiulizwa plagi zilibadilishwa lini, unakuna kichwa, halafu unamlaumu fundi kwa kuanza upya.

Kuna deni letu jingine kama wasomi, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kiswahili cha gereji kipo, na ni kizuri. Gari linamisi, linakohoa, limekosa sailensi, linavuta hewa, limekata taimingi. Kila neno hapo linataja kitu tofauti na fundi analielewa bila mkalimani. Lakini vitabu vya ufundi vya magari haya ni vya Kijapani na Kiingereza. Tumeandika tasnifu ngapi juu ya upatikanaji wa teknolojia vijijini, kwa lugha ambayo fundi yule wa chini ya mwembe hatazisoma? Kurasa kumi za Kiswahili safi juu ya namna ya kuitafuta silinda iliyokufa zingemfaa kuliko rafu nzima ya kazi zetu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, kwa kuiga mfano wa Sweden, ili mtu mzima ajifunze kitu cha maisha yake kwa lugha yake. Kasulu kina chuo, Kibondo kina chuo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Milango ipo. Anayekosekana ni wa kuandika, na sisi ndio tuliosomeshwa kuandika.

Najua pingamizi la mwisho: mteja wa huku ni maskini, hawezi kulipia uchunguzi peke yake. Nijibu kwa hesabu ya baba mdogo. Alilipia vifaa vitatu visivyohitajika na ufundi mara tatu. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kubahatisha. Na ukisema fundi anaweza kudai amechunguza kumbe hajachunguza, basi muulize. Uchunguzi wa kweli una majibu.

Kwa hiyo nawadai mambo matatu, na hayana gharama ya ajabu. Mkienda gereji, patana bei ya kutafuta tatizo kabla ya bei ya kulitengeneza, na muilipe hata kama tiba ni mpira wa shilingi chache. Msikubali kifaa kipya kabla ya kupata majibu ya maswali haya: Ni silinda ya ngapi? Umejuaje? Ulipohamisha plagi, ugonjwa ulihama? Asiyeweza kujibu hajachunguza. Mwambie kwa adabu arudie. Anayejibu, usimpunguzie hata shilingi. Na nunueni daftari la kurasa mia, liwekwe kwenye gari.

Mkishafanya hivyo mara kadhaa na bado mkaletewa plagi, njooni tuwaseme mafundi pamoja.